Pimeni matope ya Jilore, sio maji peke yake

Mhariri, salaam.

Huu mjadala wa maji ya Sabaki ushakuwa mrefu na naona watu wanazozana bure. Huyu anasema mto umejaa sumu ya kutoka Nairobi, yule anajibu maji yalipimwa yako sawa, mwingine ati DDT, ile dawa ya kuua wadudu, ilipigwa marufuku mashambani tangu 1986 kwa hivo habari ishakwisha. Wote wanatazama pahali sipo.

Hizi sumu sugu, DDT na wenzake kina PCB ya mafuta ya transfoma za zamani, na dioksini inayotoka plastiki ikichomwa jalalani, haziyeyuki kwa maji ila kidogo mno, zenyewe zashika mafuta na udongo. Sasa wewe ukichota chupa ya maji ukapeleka maabara unaweza kuambiwa hamna kitu na huku tope la chini limebeba mzigo wote, na samaki anayekula huko chini anao kwenye mafuta yake. Na matope ya Sabaki nani hayajui? Masika ikipiga bahari yote rangi ya chai ya maziwa, toka Mambrui mpaka huku mjini Malindi.

Pale Ziwa Jilore mto ukifurika unaingia unaacha udongo wake, tabaka juu ya tabaka. Wenzetu ng'ambo hudidimiza bomba wima kwenye matope ya ziwa, wakalitoa, wakakata vipande vyembamba, na umri wa kila kipande wanaujua kwa kupima risasi-210 (si ya bunduki, ni aina ya madini ya risasi yenye mionzi), ambayo hupungua nusu kila miaka kama 22 hivi, pamoja na seziamu-137, nayo ya mionzi, iliyoshuka toka majaribio ya mabomu ya nyuklia. Kwenye Maziwa Makuu ya Marekani walikuta DDT inapanda baada ya vita vya pili, inafika kilele miaka ya 60, kisha inateremka, na marufuku yao ya 1972 ikazidi kuishusha, lakini haijaisha mpaka leo. Na Ziwa Siskiwit la huko huko, ambalo liko ndani ya kisiwa kisicho na kiwanda hata kimoja, PCB ilikutwa, imeletwa na upepo tu! Ndugu zetu wa Lamu msitucheke ati nyinyi mko kisiwani.

Halafu DDT ikikaa hugeuka kemikali nyingine iitwayo DDE. Tabaka la juu likikutwa na DDT nyingi ambayo haijageuka, yani yaelekea kuna mtu bado ananyunyiza, marufuku au si marufuku.

Najua mtaalamu atasema Jilore hukauka wakati wa ukame, ng'ombe wakanyage, tabaka zichanganyike. Kweli. Basi achukue mabomba kadhaa palipo na kina, na mengine kwenye mikoko kule mtoni mwisho. Kenya iliridhia Mkataba wa Stockholm wa sumu hizi tangu 2004, kwahiyo si jambo geni serikalini. Kaunti ikitenga tena pesa za kupima maji, nusu ziende kwenye matope, na majibu yatoke kwa Kiswahili wavuvi wa Mambrui wayasome wenyewe.

Msomaji wenu, Malindi