Kabla ya kurudisha kiboko, hesabuni "nyamazeni" zenu

Mhariri,

Nimeisoma barua ya msomaji wa Malindi anayetaka kiboko kirudishwe shuleni kwa kuwa watoto wa siku hizi hawashikiki. Alimalizia kwa methali ya samaki mkunje angali mbichi. Mimi ni mtoto wa mvuvi, nimezaliwa na kukulia Langoni hapa Lamu, na sijaona hata siku moja samaki akikunjwa kwa fimbo. Hukunjwa kwa mkono, na anayemkunja huwa anamtazama.

Nafundisha Gredi ya Sita. Nilianza kazi mwaka 1998, enzi ambazo fimbo ya henzirani ilikaa juu ya meza ya ofisi ya walimu kando ya chaki na birika la chai, na hakuna aliyeuliza ni ya nani. Mwaka 2001 serikali ikapiga marufuku viboko shuleni. Katiba ya 2010 ikalikaza jambo hilo katika ibara ya 29, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikalitia bei: faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Nayataja haya kwa sababu msomaji wetu aliandika kana kwamba ni walimu walioamua kulegea. Nayataja pia ili aelewe kwa nini naomba jina langu lisichapishwe. Mimi niliendelea kuchapa hadi 2009.

Nilichapa kwa kufuata orodha. Kila aliyesoma shule zetu anaijua orodha ya wapiga kelele. Mwalimu akichelewa, kiranja husimama mbele na kipande cha karatasi, anaandika majina, na anayezidi kusema huongezewa alama ya msalaba kando ya jina lake. Mwalimu akiingia hupokea karatasi ile kama hakimu anayepokea jalada. Hakuna shahidi wala utetezi. Mkono mbele, viwili viwili, kisha tunafungua vitabu.

Siku moja nilipokea karatasi yenye doa jekundu pembeni. Nikamtazama kiranja vidole: vyekundu. Ulimi: mwekundu vilevile. Ni mabuyu. Nikauliza taratibu, nikajua kwamba jina lina bei. Mabuyu matatu au kipande cha kashata, huonekani hata ukipanda juu ya dawati. Mkono mtupu haulambwi, na watoto walilijua hilo kabla sijawafundisha methali. Nikatoa orodha za mwezi mzima nilizokuwa nimezichomeka ndani ya daftari la mahudhurio, nikazipanga mezani. Majina yalikuwa yaleyale saba au wanane, karibu wote watoto wasiopewa hata shilingi tano ya mapumziko. Orodha nikaifuta siku ile. Henzirani ilichukua muda zaidi, sitadanganya.

Kuna msichana mmoja niliyemchapa miaka ile, viboko viwili vya kiganja, kwa kosa la kuongea wakati wa somo. Sikumbuki siku yenyewe. Yeye anaikumbuka. Sasa ni mama wa watoto wawili, na mwaka juzi tulikutana forodhani tukisubiri boti ya kwenda Mokowe, upande wa bara. Akaniamkia vizuri, shikamoo mwalimu, akaniulizia afya, akanichukulia kikapu. Tulipokwisha kukaa akacheka, akasema, "Ukurasa wa 74, mwalimu." Sikumwelewa. Akanieleza kwamba siku ile nilitaja ukurasa huku nikiwa nimeuelekea ubao, sauti ikaishia ukutani, na waliokaa nyuma hawakusikia. Jirani yake akamuuliza, naye akamjibu: ukurasa wa 74. Hiyo ndiyo kelele niliyomchapia. Alisimulia bila kinyongo, akaendelea na habari za bei ya samaki. Mimi safari yote sikuonja upepo wa bahari.

Niliporudi nilimwomba mwenzangu mmoja wa sekondari msingi, yaani Gredi ya Saba hadi ya Tisa, kijana ambaye hana vipindi vingi siku za Jumanne, akae nyuma ya darasa langu kipindi kimoja, asiseme kitu, aandike tu anachokiona. Baada ya kipindi akanipa karatasi. Mstari wa kwanza ulisema: "Umesema 'nyamazeni' mara 14." Ningeapa nimesema mara mbili.

Basi nikaanza daftari langu mwenyewe. Kila niliposimamisha somo kwa ajili ya utovu wa nidhamu, nilitia alama na neno moja la sababu. Ilikuwa Februari, kaskazi inavuma, na bati la darasa letu huwaka hivyo kwamba saa nane mchana hata mimi nataka kulala. Kwa siku tano, katika vipindi vya hisabati na Kiswahili tu, nilisimama mara 47. Mara 21 zilikuwa katika mapengo: madaftari yanagawanywa, ubao unafutwa, tumemaliza hili na hatujaanza lile. Mara 11 nilikuwa nimewapa mgongo nikiandika. Mara sita tu ndizo naweza kusema mtoto alikusudia fujo. Zilizobaki ni joto, wageni mlangoni, na punda.

Madaftari ndiyo yaliyonitia haya zaidi. Nina watoto 58. Kwa miaka yote kiranja alikuwa akisimama mbele akiita jina mojamoja, na kila anayeitwa hutoka kwenye dawati, hupita akigusa vichwa vya watu, huchukua daftari lake, hurudi kwa njia nyingine ili aguse vichwa vingine. Nilitazama saa: dakika tisa. Siku yenye masomo matatu yanayohitaji madaftari, nusu saa inakwenda, na watu 57 hawana la kufanya ila kusubiri zamu. Nani asingeongea? Sasa kila mstari una madaftari yake, yamefungwa kwa kamba ya kumbi, na wa mbele hufungua akapitisha nyuma. Hayafiki dakika mbili. Swali la kwanza huwa liko ubaoni kabla hawajarudi kutoka majumbani walikokwenda kula chakula cha mchana, kwa hiyo anayeingia anakuta kazi inamngoja. Ninapoandika nasimama kiubavu, bega moja kwao. Shingo inauma, lakini inazoea.

Nilipokuwa nikisomea diploma wakati wa likizo tulifundishwa habari za Mmarekani mmoja, Jacob Kounin. Alikuwa akisomesha chuo kikuu, mwanafunzi mmoja wa nyuma akafungua gazeti katikati ya somo akaanza kusoma. (Mhariri, halikuwa gazeti lako.) Kounin akamkemea, kisha akaona ajabu: waliotulia ghafla ni wengine, ambao hawakukemewa. Jambo hilo likamshika, akaingia utafiti wa miaka, akaweka kamera madarasani. Alichochapisha mwaka 1970 ni kwamba namna mwalimu anavyokemea haikutenganisha sana darasa tulivu na darasa la fujo. Kilichotenganisha ni yale yanayofanyika kabla fujo haijazaliwa: watoto kujua kwamba mwalimu anaona kila pembe, na kuvushwa kutoka kazi hii hadi ile bila kuachwa njiani. Niliyaandika hayo kwenye mtihani nikapita, nikarudi Lamu na kelele zangu. Ilibidi nipewe karatasi ya "nyamazeni" 14 ndipo nilipokumbuka kwamba nilishafundishwa.

Sasa punda. Dirisha letu linatazama kichochoro ambako punda hupumzishwa baada ya kubeba mawe na mchanga. Punda akilia, darasa zima humwitikia, na wako wawili wanaomwiga hivyo kwamba naye hujibu. Zamani punda mmoja alikuwa akinigharimu viboko vinane. Siku hizi nasimama na chaki mkononi, nanyamaza, nasubiri amalize mashairi yake. Kisha nauliza, "Amemaliza? Haya, sehemu tatu kwa nne." Wanacheka kidogo, tunaendelea. Nikipandisha sauti kushindana na punda, punda hushinda.

Na anayeongea kwa makusudi simwiti tena kwa jina kutoka mbele. Nakwenda hadi dawatini kwake huku nikiendelea kufundisha, naweka kidole kwenye daftari lake, namwambia polepole, "Anza hapa." Mvulana wa miaka kumi na miwili akikemewa mbele ya watu hana budi kujibu, la sivyo wenzake watamcheka hadi chuo cha Kurani jioni. Akiambiwa kwa sauti ya chini hana hadhira.

Nisije nikaonekana najigamba. Mwaka huu wako wawili ambao sikuwaweza. Mmoja wazazi wake walimhamishia shule nyingine. Wa pili bado ninaye, na wiki iliyopita alinitupia neno ambalo siwezi kuliandika gazetini. Nilitoka nje dakika moja nikashika nguzo. Henzirani ingekuwa karibu, sijui ningefanya nini, na nashukuru haikuwa karibu.

Wazazi nao ni wa aina mbili. Wako wanaoleta mtoto siku ya kwanza wakasema maneno ya wazee: mwalimu, nyama yako, mifupa yangu. Nawaambia sitaki nyama, nataka aje na kalamu mbili na awe amelala kabla ya saa nne usiku. Wako na wengine ambao mtoto akihamishwa dawati tu wanafika na buibui halijafungwa vizuri, wanataka kujua kosa lake. Hao siwalaumu sana. Baadhi yao walikuwa kwenye orodha zangu.

Lawama yangu naipeleka kwingine. Fimbo iliondolewa kwa sheria, na ilistahili kuondolewa, ila pale mezani ilipokuwa hakikuwekwa kitu. Mimi nilipewa barua ya kuwa mwalimu wa ushauri nasaha. Barua tu. Sikupewa mafunzo wala chumba. Nashauri watoto chini ya mti wa mkungu, mbele ya foleni ya mfereji wa maji, mtoto analia na wenzake wanajaza chupa. Semina niliyowahi kuitwa ilikuwa ya siku moja, mwezeshaji akasoma slaidi zake kuanzia asubuhi mpaka mandazi yakaisha, akatuambia tutumie njia mbadala za nidhamu. Mwenzangu akauliza, zipi? Akajibiwa kwamba zimo kwenye slaidi.

Ningeombwa maoni ningesema hivi: pesa za chai ya semina hizo zilipie kipindi kimoja kwa wiki ambacho mwalimu mmoja anakaa nyuma ya darasa la mwenziwe na kalamu. Awe si mkaguzi wala mwalimu mkuu, kwa sababu mkaguzi akiingia hata punda hunyamaza. Awe mwenzake tu, ambaye kesho yake na yeye atahesabiwa. Mimi nilimhesabu yule kijana wa sekondari msingi. Anafundisha sayansi vizuri mno, lakini akiuliza swali hajibiwi, kwa kuwa hasubiri. Anauliza na kujijibu mwenyewe kwa pumzi moja, kisha anashangaa kwa nini watoto wanapiga soga. Nilipomwonyesha alikataa, akaniomba nirudi wiki iliyofuata nihesabu upya. Nilirudi. Alikuwa akihesabu moja, mbili, tatu kwa vidole nyuma ya mgongo wake kabla ya kusema tena, na msichana ambaye sijawahi kusikia sauti yake akanyosha mkono.

Msomaji wa Malindi nampa karibu. Basi litamfikisha Mokowe asubuhi, boti ni mwendo mfupi. Aje Jumanne, saa nane mchana, nitampa daftari na kiti cha nyuma karibu na dirisha la punda. Kiboko chake akitaka aje nacho, anaweza kukiacha kwa mzee wa langoni pamoja na mwavuli.

Mwalimu wa Gredi ya Sita,
Langoni, Lamu
(Jina limehifadhiwa kwa ombi la mwandishi)