Picha ya mshono haitoshi, tutajieni na kitambaa

Mhariri,

Kurasa zenu za mitindo zinafika mbali. Hapa Dodoma wateja wanaingia kwa fundi cherehani na picha ya gazeti kwenye simu: "Nishonee hivi hivi." Lakini picha inaonyesha mshono tu. Haisemi kama kitambaa ni pamba au polista, zimekwenda yadi ngapi, wala ndani kuna bitana ya aina gani. Mteja anapita soko la Majengo, ananunua kinachofanana kwa macho, na ikifika Oktoba gauni lile linakuwa adhabu. Ombi letu ni moja: mkipendekeza vazi, tajeni na kitambaa chake.

Chukueni kitenge. Vitenge vingi vipya vimetiwa wanga ili visimame vizuri dukani. Kunja pembe moja, isugue viganjani kwa nguvu. Ukidondoka unga mweupe, uzito ule ulikuwa wa wanga, na baada ya kufuliwa mara mbili kitambaa kitalegea. Kisha kinyanyue kuelekea kwenye mwanga. Nyuzi zikiwa zimeachana, usikishonee nguo ya kubana, maana kitaachia ubavuni pale mshono unapovutwa, na hapo fundi hana cha kuokoa. Geuza na nyuma pia. Rangi iliyopigwa upande mmoja si kosa, ila kwenye marinda na mikono mipana weupe wa ndani utaonekana kila unapotembea.

Neno "pamba" la muuzaji lisikutoshe. Chomoa uzi mmoja wa marefu na mmoja wa mapana, uzichome kwa kiberiti mbali na nguo. Pamba huungua kama karatasi na majivu yake hupukutika. Polista huyeyuka, hujikunja na kuacha kidonge kigumu. Chomeni zote mbili, kwa sababu kuna vitambaa vilivyofumwa pamba upande mmoja na polista upande wa pili.

Kosa linaloharibu nguo nyingi kuliko yote ni kukata kitambaa kabla hakijalowekwa. Pamba inaweza kurudi asilimia 3 hadi 5. Kwa gauni la sentimeta 130, hizo ni sentimeta 4 hadi 6 na nusu, yaani lililogusa kifundo cha mguu linapanda juu. Kiloweke usiku kucha, kioshe bila kukikamua kwa kukisokota, kianike kivulini, kipige pasi kingali na unyevu kidogo. Bitana ya pamba nayo ipitie hayo hayo. Isipolowekwa, itarudi peke yake baada ya kufuliwa, ivute pindo kwa ndani, na gauni litaonekana limekunjamana chini hata likitoka kwenye pasi.

Wengi huongeza chumvi kwenye maji ya kulowekea ili rangi isichuje. Chumvi husaidia rangi kuingia kwenye uzi wakati kitambaa kinatiwa rangi; haiwezi kuifunga rangi ya ziada iliyobaki juu ya kitambaa kilichokwisha kutoka kiwandani. Dawa ni kukisuuza peke yake kwa maji baridi mpaka maji yatoke meupe.

Na maji yetu yana jambo lake. Ya visima vingi huku ni magumu, yana madini, na sabuni ya mche ikikutana nayo hutoa utando mweupe unaoganda kwenye nyuzi. Nguo ya rangi nyeusi hupauka na kukakamaa, watu wakadhani imechuja. Tumieni sabuni ya unga, na kwenye suuza ya mwisho tieni vijiko viwili vya siki nyeupe kwa ndoo ya lita 10. Siki husaidia kulegeza utando.

Mji wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hali ya hewa yake si ya Dar es Salaam. Asubuhi za Juni na Julai baridi hushuka hadi karibu nyuzi 13, na saa nane mchana jua linawaka. Bitana ya polista gauni zima hufungia jasho. Weka ya pamba kifuani na kiunoni, basi, kisha beba sweta. Kiangazi kuna upepo. Sketi pana ikunjwe pindo la sentimeta 5, mara mbili, ipate uzito wa kukaa chini. Pindo la sentimeta 1 hupeperuka lote.

Khanga ni ya nyumbani na ya kujitanda, na hapo haina mpinzani. Anayetaka kuishona gauni amwambie fundi mapema, apange mji (sehemu ya katikati) na pindo (ukingo wenye mapambo) kabla ya kushika mkasi, jina, yaani maandishi yake, lisije likakatwa katikati. Ujumbe wa khanga uliobaki nusu unaumiza macho.

Kwa hiyo, Mhariri, chini ya kila picha wekeni mstari mmoja wa namna hii: "Gauni la kitenge cha pamba, yadi 4, bitana ya pamba kifuani na kiunoni, pindo sentimeta 5." Mteja akija na huo, fundi ataanza kwa kupima.

Mafundi cherehani,
Dodoma