Barua ya wazi kwa nyie mnaolea wadogo: acheni kumchapa mtoto kwa neno "mkubwa" siku ya bethdei yake

Wanangu,

Nawasalimu wote mnaolea watoto wa chini ya miaka 5. Mimi ni bibi, nimelea wanne na sasa nashika wajukuu, kwa hiyo nivumilieni nikiongea kwa ukali, maana ukali wenyewe unatoka kwenye kitu nilichokiona kwa macho yangu na mpaka leo kimenikaa kooni.

Mjukuu wangu alitimiza miaka 3. Keki ipo, maputo yapo, sebule imejaa watu. Sasa huyu mtoto miezi miwili nyuma alipata mdogo wake, kabla mdogo hajazaliwa walikuwa wamehama nyumba, na juu ya hayo akaanza kupelekwa chekechea. Mambo matatu kwa mtu wa miaka mitatu, hesabuni wenyewe. Basi katikati ya shughuli akaiona chupa ya mdogo wake mezani, akaichukua, akaenda kukaa nyuma ya kochi akawa ananyonya taratibu huku ameshika ncha ya sikio lake, vilevile alivyokuwa akifanya alipokuwa mchanga. Watu wakamwona, wakaanza kucheka, simu zikatoka wanarekodi. Baba yake akaja akamnyang'anya chupa mbele ya wote, "Acha aibu, leo umetimiza mitatu, we mkubwa sasa."

Mtoto hakulia. Alimwangalia baba yake akasema, "Sitaki mitatu." Akaenda mlangoni akatafuta viatu vyake akavaa, cha kushoto mguu wa kulia, akasimama pale. Anaulizwa unaenda wapi, anasema nyumbani. Na nyumbani kwenyewe alimaanisha ile nyumba waliyohama.

Na bado wakamrudisha kuzima mishumaa! Mara tatu, kisa video ya kwanza haikutoka vizuri.

Jamani. Mtoto akipata badiliko kubwa anarudi nyuma kidogo, hilo wanaosomea makuzi ya watoto wanalijua na sisi tuliolea tunalijua. Aliyeacha kukojoa kitandani anaanza tena, aliyekuwa anaongea vizuri anarudia sauti ya kitoto, anayekula mwenyewe anataka alishwe, anataka abebwe kila saa. Huo sio utundu wala sio kudeka, anaulizia tu kama nafasi yake bado ipo. Na nyie mnamjibu "we mkubwa sasa", yaani mnamwambia ilikuwepo ila imeshachukuliwa na mwingine. Halafu mnashangaa kwa nini anamfinya mdogo wake.

Mwili wa mtoto unakimbia wanangu. Mwaka wa kwanza peke yake uzito unafika karibu mara tatu ya ule aliozaliwa nao, anatoka kwenye sentimita kama 50 anakaribia 75, akifika miaka 2 ameshapata karibu nusu ya urefu atakaokuwa nao utu uzimani. Maisha yake yote yaliyobaki hatakua tena kwa kasi hiyo. Sasa kwa nini moyo nao mnautaka ukimbie, tena uwahi tarehe?

Usiku ule wageni walipoondoka nilimpakata na ile chupa nikampa mwenyewe. Nikamwambia mjukuu wangu, ulipozaliwa hukuwa na jino hata moja, leo yapo 20, hebu tuhesabu. Akaanza kuyagusa kwa kidole, moja, mbili, nne, sita. Akaniuliza, na mtoto anayo mangapi? Nikamwambia hana hata moja. Akakaa kimya, akafikiri weee, kisha akasema, "Basi yeye anyonye tu," akaniwekea chupa mkononi. Hakuna aliyemnyang'anya.

Hivyo ndo anavyoambiwa mtoto amekua. Unamhadithia alikotoka, zipu aliyokuwa haiwezi na sasa anaivuta, mlango aliokuwa haufikii kitasa, mlango wa chekechea aliolia nao wiki nzima na sasa anapunga mkono. Anapenda sana kusikia habari zake mwenyewe, mara kumi atakwambia rudia.

Mengine nayasema kwa kifupi. Puto likipasuka okoteni vipande hapohapo, vinaziba koo. Karanga nzima na pipi ngumu wasipewe hawa wadogo. Akisinzia mwacheni alale hata kama keki haijakatwa, wa miaka 3 anahitaji usingizi wa saa 10 hadi 13. Picha yake akiwa analia au yupo uchi msirushe mitandaoni, Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 unasema mtoto naye ana faragha yake. Na wewe ambaye mtoto anazima mshumaa wa tatu huku cheti cha kuzaliwa hujafuatilia, kifuatilie.

Hii ya kulinganisha nayo inanikera mno. "Wangu alitembea na miezi 9," anasema mtu kwenye bethdei ya mwenzie wa mwaka mmoja ambaye bado anatambaa, na mama wa watu anabaki kainama. Wapo wanaotembea na 9 wapo wanaosubiri mpaka 17, na wote wazima tu, dada yangu kula keki yako nyamaza.

Ila sitawalaumu wazazi peke yao. Mama anarudi kazini kitoto bado kichanga, baba hapewi hata siku za kutosha kumjua mwanae, halafu jamii hiyohiyo inakuja kukagua keki ina ngazi ngapi. Wewe uliyekopa ili mwanao asionekane mnyonge, nakuelewa mwanangu, sikucheki. Lakini yeye hakuomba ngazi, alitaka mapaja yako kwa nusu saa bila simu, na hayo hayakopwi popote.

Huyu wa kwetu anatimiza minne mwezi ujao. Nimeshaongea na baba yake, na kwa kweli aliinamisha kichwa akanisikiliza. Safari hii wanakuwa wao wanne na mimi tu, mishumaa inawashwa mara moja, na ile chupa nimeiosha ipo kabatini, rafu ya chini, anaifikia mwenyewe.