Kesi ya mdogo wangu: tupinge utambuzi, au tupinge na nguvu iliyodaiwa kutumika?

Ndugu mshauri wa sheria,

Naomba mwongozo wako kuhusu kesi ya unyang'anyi wa kutumia silaha inayomkabili mdogo wangu katika mahakama ya wilaya hapa Tanzania, ambayo anajitetea mwenyewe bila wakili. Kosa hilo halina dhamana, na akitiwa hatiani kifungo chake hakitapungua miaka 30, kwa hiyo utaniwia radhi nikiuliza hata yale ambayo kwako ni ya kawaida.

Mlalamikaji, ambaye ndiye shahidi wa kwanza, ameeleza kwamba alikuwa akitembea usiku watu wawili walipomfuata kwa nyuma, mmoja akampokonya mkoba na kukimbia, na mwenzake alikuwa ameshika panga. Anasema alimtambua mdogo wangu kwa mwanga wa taa ya umeme ya nyumba ya jirani, na kwamba sura yake si ngeni kwake. Hakusema mwanga ulikuwa mkali kiasi gani, taa ilikuwa umbali gani, wala alimtazama kwa muda gani, ilhali hayo ndiyo mambo ambayo Mahakama ya Rufani iliyasisitiza mwaka 1980 katika shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, ilipoonya kwamba utambuzi wa macho ni ushahidi dhaifu, usiofaa kutegemewa mpaka uwezekano wote wa kukosea uwe umeondolewa.

Linalonisumbua zaidi ni maelezo yake ya kwanza polisi. Humo alisema tu kwamba ni "vijana wawili", bila jina, bila mavazi, bila umbo. Kama kweli alimfahamu, kwa nini hakumtaja mapema, wakati katika shauri la Marwa Wangiti Mwita la mwaka 2002 Mahakama ya Rufani ilisema kwamba kumtaja mtuhumiwa mapema iwezekanavyo ni kipimo muhimu cha kuaminika kwa shahidi? Na kama hakumfahamu, kwa nini halikufanyika gwaride la utambulisho, yaani kumpanga mtuhumiwa pamoja na watu wengine ili shahidi amchague, hata ikawa mara ya kwanza kumnyooshea kidole ni mahakamani, akiwa amesimama peke yake kizimbani? Sidai kwamba mama huyo ni mwongo. Aliyeshikiwa panga gizani huliangalia panga kuliko uso wa aliyelishika, na shahidi anaweza kukosea huku akiamini kwa moyo wote anachokisema. Mkoba wenyewe, kwa taarifa yako, haukukutwa kwa mdogo wangu.

Jambo la pili ni nguvu. Ninavyoielewa Kanuni ya Adhabu, kuwa na silaha pekee hakutoshi. Lazima ithibitishwe kwamba mtu alitumia nguvu au alitishia kuitumia dhidi ya mtu fulani, wakati wa kuiba au mara tu kabla au baada yake, ili aipate mali au asinyang'anywe. Mlalamikaji hakusema kwamba panga liliinuliwa wala kwamba alitamkiwa neno lolote, na hati ya mashtaka haimtaji aliyetishiwa. Najua nguvu si lazima iache jeraha, na pengine hakimu ataona kwamba panga lililoshikwa wazi usiku ni tishio tosha.

Hapa ndipo familia imegawanyika. Kaka yetu mkubwa anataka tushike hoja ya nguvu, kwa kuwa ikikubalika kosa linaweza kushuka na kuwa wizi, wenye adhabu nyepesi zaidi. Mimi nahofu kwamba mtu anayesema "hapakuwa na nguvu" anasikika kama aliyekuwepo akashuhudia, ilhali mdogo wangu anasema alikuwa amelala nyumbani. Utambuzi ukianguka, kesi yote inaanguka. Nguvu ikianguka peke yake, bado anabaki mwizi.

Je, anaweza kuzitoa hoja zote mbili bila moja kuidhoofisha nyingine, kwa mfano kwa kusema kwamba hakuwepo, na kwamba hata hivyo ushahidi wa Jamhuri wenyewe hauonyeshi tishio? Je, anaweza kuomba mlalamikaji aitwe tena ili aonyeshwe maelezo yake ya polisi na kuhojiwa juu yake, maana alipotoa ushahidi hakuulizwa chochote kuhusu maelezo hayo? Na kwa kuwa mashahidi wawili wa upande wa mashtaka bado hawajasikilizwa, je, muda wa kutoa taarifa kwamba siku hiyo alikuwa mahali pengine bado upo, hasa ikiwa shahidi wake pekee ni mkewe?

Nitashukuru ukinijibu kabla shauri halijatajwa tena.

Msomaji wako