Si kila televisheni ya Paik ibadilishwe skrini

Ndugu Mhariri,

Kila linapotajwa onyesho la Nam June Paik, Mkorea aliyezaliwa Seoul mwaka 1932 na kuigeuza televisheni kuwa chombo cha sanaa, hawakosi wa kuuliza: televisheni hizi za kichogo zimechakaa, si ziwekwe skrini bapa mambo yaishe? Jibu linategemea picha inatengenezwa wapi.

Tuanze na "Magnet TV" ya mwaka 1965: televisheni nyeusi na nyeupe, juu yake imekaa sumaku kubwa. Ndani ya tyubu, yaani chupa kubwa ya kioo yenye shingo inayofanya kichogo cha televisheni, elektroni, chembe ndogo mno za umeme, hutoka shingoni na kukimbilia kioo cha mbele. Koili, nyaya zilizoviringwa na kuvishwa shingoni, ndizo huziongoza zichore mistari. Sumaku ya nje huzivuta pembeni, na picha hujikunja kama khanga iliyofinywa katikati. Ipandishe sumaku hiyohiyo juu ya skrini bapa, hakuna kitakachotikisika, maana humo hamna elektroni zinazoruka. Ukicheza video ya mikunjo hiyo, umeonyesha picha ya kazi tu. Na anayetaka kujaribu asiguse televisheni ya rangi: nyuma ya kioo chake kuna wavu wa chuma, nao ukishika usumaku, madoa ya rangi hubaki hata sumaku ikiondolewa.

Kazi yake nyingine, "Zen for TV", tunadhani sisi mafundi tunaielewa kuliko wahakiki. Sehemu inayotandaza picha juu na chini ikifa, hubaki mstari mmoja mweupe katikati ya kioo. Kwa fundi huo ni ugonjwa wa kila siku. Paik aliilaza televisheni ubavu, mstari ukasimama wima. Ilikuwamo katika onyesho lake la kwanza la peke yake, Wuppertal, Ujerumani Magharibi, Machi 1963, lililofunguliwa kuanzia saa 1:30 hadi 3:30 usiku, kwa kuwa alitegemea matangazo ya hewani ya kituo kimoja tu. Anayeiwasha leo apunguze mwanga: nguvu yote ikiangukia mstari mmoja, unga unaong'aa nyuma ya kioo huungua na alama haifutiki.

Mnara wa "The More, the Better" wa mwaka 1988 ni habari nyingine. Uko Gwacheon, katika jumba la taifa la sanaa ya kisasa la Korea Kusini: urefu mita 18.5, televisheni 1,003, hesabu inayoashiria Oktoba 3, sikukuu ya kuasisiwa kwa taifa lao. Ulizimwa 2018 kwa hofu ya usalama, ukawashwa tena 2022. Televisheni 737 zilikarabatiwa au kubadilishwa kwa zilizotumika. 266 ndogo za juu zikawekwa skrini bapa. Hapo hatuna ugomvi, kwani picha zake zinatoka kwenye video zilizorekodiwa. Kilichopotea ni uvimbe wa kioo. Hata hivyo tangu hapo unawashwa kwa saa chache tu, maana kathodi, sehemu ya tyubu inayotoa elektroni, huchoka, na kapasita, vifaa vinavyotunza chaji, hukauka kwa joto.

Wanaoandaa maonyesho ya kazi hizi waweke akiba ya tyubu zenyewe, zinazolingana kwa ukubwa, unene wa shingo na soketi. Na anayebadilisha tyubu asidhani kuchomoa plagi kunatosha. Tyubu ya rangi hufanya kazi kwa volti kama 25,000, na chaji hubaki baada ya kuzimwa; kwanza aitoe chaji hiyo kwa bisibisi yenye mpini mzima, iliyofungwa waya hadi kwenye ukanda wa ardhi unaozunguka tyubu, mkono mmoja ukiwa mfukoni.

Wasomaji wako, mafundi,
Dar es Salaam