Barua kwa mwanangu: diski 11 kutoka kwenye kanda zetu za video

Mwanangu mpendwa,

Natumai hujambo na kazi zako zinakwenda vizuri. Sisi huku ni wazima. Mama yako anakusalimu sana, na ndiye aliyefunga kifurushi hiki kwa kitambaa mara tatu, akihofia kisije kikaangushwa njiani.

Ndani utakuta diski 11 za DVD na kisanduku kidogo cheusi, ambacho ni diski ya nje ya kompyuta. Humo mna kanda zetu za video, zile zilizokaa juu ya kabati la chumbani kwetu tangu hujaanza shule. Zilikuwa 9. Nimeokoa 8. Nitakueleza na habari ya hiyo moja, maana sitaki uje uiulizie siku moja halafu nikose pa kuanzia.

Mambo yalianza miezi michache baada ya bibi yako kufariki. Usiku mmoja mama yako aliniambia kwamba ameanza kuisahau sauti ya mama yake. Uso anaukumbuka, picha zipo, lakini sauti inamponyoka. Nikainuka palepale, nikapanda juu ya kiti, nikaishusha kanda ya arusi yetu, kwa kuwa nilijua bibi yako anazungumza humo. Nikaipangusa vumbi kwa shati langu na kuitia kwenye deki ambayo haikuwa imewashwa kwa miaka mingi.

Picha ilikuja sekunde chache, chenga tupu, kisha deki ikaanza kukwaruza. Nilipobonyeza kitufe cha kuitoa, kanda ilitoka lakini utepe ukabaki ndani, umejisokota kwenye magurudumu. Nikauvuta. Hilo ndilo kosa langu, mwanangu, kuuvuta. Ningezima umeme, nikafungua kifuniko, nikautoa taratibu kwa vidole, labda leo ningekuwa nakuandikia habari nyingine. Ulikatika, na kipande kirefu kikakunjamana. Nilipomulika tochi kwenye kidirisha cha kanda nikaona unga mweupe kwenye kingo za utepe. Ilikuwa kuvu, na mimi nilikuwa nimekwisha kuiingiza kwenye deki. Mama yako hakusema neno. Alikiokota kile kipande, akakiviringa vizuri, akakiweka ndani ya bahasha.

Kanda hiyo sijaitupa. Utepe uliokatika huungwa, na kuvu husafishwa na mtu mwenye vifaa vyake na mkono mtulivu. Nimeitenga na zile nyingine ili kuvu isihamie kwao. Nikimpata fundi ninayemwamini nitampelekea, lakini mimi mwenyewe siigusi tena.

Baada ya hapo nilikaa wiki nzima naziogopa zilizobaki. Kisha nikaanza kuulizia na kusoma, nikaelewa jambo ambalo ningelijua mapema nisingezichelewesha miaka yote hiyo. Mimi nilidhani kanda isiyochezwa haichakai. Kumbe inachakaa ikiwa imelala tu. Utepe wa VHS, ambayo ndiyo aina ya kanda zetu, ni plastiki nyembamba ya polyesta, upana wake milimita 12.7, na juu yake zimepakwa chembe ndogo sana za oksaidi ya chuma. Chembe hizo ndizo zinazobeba picha na sauti kwa usumaku wake. Kinachozishika kwenye plastiki ni gundi, na gundi hiyo ndiyo inayochoka. Inanyonya unyevu wa hewa, inalainika, halafu utepe unaanza kunata kwenye vichwa vya deki, yaani vile vinavyousoma utepe, na kuacha masizi. Juu ya kabati, karibu na dari, joto lilikuwa linaipika gundi hiyo mwaka baada ya mwaka, na mimi nilikuwa naamini nimeziweka mahali salama.

Na deki nazo zinakwisha. VHS ilitoka Japani mwaka 1976, ikaenea dunia nzima, lakini mwaka 2016 kampuni ya Funai, iliyokuwa imebaki peke yake ikitengeneza deki, nayo ikaacha. Kwa hiyo karibu kila deki unayoiona inafanya kazi leo ni chombo kilichokwisha kutumika, na vipuri vyake mara nyingi vinatolewa kwenye deki nyingine zilizokufa. Nilipata moja kwa fundi, akanisafishia ngoma ya vichwa mbele ya macho yangu. Ngoma hiyo huzunguka mara 1,500 kwa dakika, vichwa vikiugusa utepe wenyewe. Ukikumbuka hilo hutathubutu tena kuingiza kanda yenye vumbi.

Nilikwenda polepole. Kila kanda niliimulika kwanza kutafuta kuvu. Nikavunja kile kijipande cha plastiki kilicho mgongoni mwa kanda, maana kikiwepo deki inaweza kurekodi juu ya kilichomo, kikivunjwa haiwezi. Kisha nikaipeleka mbele hadi mwisho na kuirudisha mwanzo bila kuicheza, ili utepe uliokaa umebanana miaka mingi ujiviringe upya kwa mkazo ulio sawa. Ndipo nikaunganisha waya, wa njano wa picha, mweupe na mwekundu wa sauti, kutoka kwenye deki hadi kwenye kifaa kidogo cha kunasia video kilichochomekwa kwenye kompyuta.

Sehemu iliyobaki haina njia ya mkato. Kanda ya muda wa saa 3 hunaswa kwa saa 3. Huwezi kuikimbiza, kwa sababu kompyuta inapokea picha jinsi deki inavyoisoma, sekunde kwa sekunde. Kila jioni nilikaa na kanda moja, mkono karibu na kitufe cha kusimamisha, nikisikiliza kama kuna mlio mbaya. Picha ilipotikisika nilirekebisha ufuatiaji wa vichwa mpaka ikatulia. Mama yako alikuja akakaa nami kwa nyingine, kwa nyingine akashindwa.

Kanda moja ilinisumbua kwa namna yake, ile aliyotuletea shangazi yako kutoka Marekani. Kanda zetu ni za mfumo wa PAL, wenye mistari 625 na picha 25 kwa sekunde. Yake ni ya NTSC, mistari 525 na picha karibu 30. Ilinibidi niazime deki inayosoma mifumo yote miwili.

Sasa diski zenyewe. DVD ya kawaida inabeba gigabaiti 4.7, ambazo kwa ubora wa kuridhisha ni kama saa 2 za video. Unaweza kuibana video zaidi ukaingiza saa 4 au hata 6, lakini nyuso zinageuka vigaevigae, hasa pale mtu anapotembea. Nimekataa kufanya hivyo. Kanda tatu zilizojaa nimezigawa kila moja kwenye diski mbili, ndiyo maana ni 11 kwa kanda 8. Zote nimezifunga kwa kompyuta baada ya kuzichoma, yaani nimezikamilisha zisiongezwe kitu tena, kwa hiyo zitacheza kwenye mashine nyingi za DVD. Usishangae picha ikiwa ya umbo la karibu mraba, na tafadhali usiivute ijaze kioo chote cha runinga. Watu wa kwenye kanda hizo walikuwa wembamba, waache walivyokuwa.

Zishike kwa kingo. Usibandike karatasi yenye gundi juu yake, na usiziache kwenye mwanga wa jua, kwa sababu kinachoandikwa na mwali wa leza kwenye diski hizi za kuchoma ni tabaka la rangi, na rangi hiyo hufifia kwa mwanga na joto. Zisimamishe ndani ya makasha yake kama vitabu. Nazo hazitadumu milele, nakuambia mapema. Ndiyo sababu nimekuwekea na kile kisanduku cheusi, ambamo mna faili zilezile kabla sijazibana kwa ajili ya DVD. Hizo ndizo zilizo bora zaidi. Zinakili kwenye kompyuta yako, na baada ya miaka michache uzihamishie kwenye chombo kipya, chochote kitakachokuwa kinatumika wakati huo. Nakala ya dijitali haipotezi kitu ukiinakili ipasavyo, tofauti na kanda, ambayo kila nakala yake ilikuwa na ukungu kuliko ya kwanza. Nakala nyingine nimempa mjomba wako akae nayo kwake, ili nyumba moja ikipata janga isiondoke na vyote. Kanda zenyewe nimezihamisha kutoka juu ya kabati. Sasa zimesimama kwenye sanduku kavu, chini, mahali penye ubaridi.

Nimebakiza diski namba 7.

Ulipokuwa na miezi kumi na mmoja ulianza kutembea. Tulikuwa na kamera ile kubwa ya begani, inayotumia kanda zilezile za deki, na siku hiyo alikuwa ameishika bibi yako. Alikurekodi kuanzia asubuhi. Hatua zako za kwanza zilikuwa kwenye kanda hiyo, na pale mgongoni kile kijipande cha plastiki kilikuwa bado kizima, kwa sababu mimi sikukivunja. Miaka miwili baadaye nilitaka kurekodi mechi ya fainali. Nikachukua kanda iliyokuwa karibu, sikuitazama. Mechi ikaenda hadi muda wa nyongeza. Mama yako aligundua siku iliyofuata. Hukuwahi kuambiwa, na kila ulipouliza ukiwa mdogo kama tuna video yako ukijifunza kutembea, mimi ndiye niliyejibu kwamba hatuna. Nisamehe kwa yote mawili, kwa kuifuta na kwa kukuficha.

Kanda hiyo nilikuwa niiruke. Nilijiambia ina mpira tu, ya nini kupoteza jioni nzima? Lakini nilikuwa nimeshaizoea kazi ya kukaa hadi mwisho, nikaitia. Mechi ikaisha, watu wakainua kombe, kanda ikaonyesha chenga. Nikanyoosha mkono nizime. Chenga zikaondoka zenyewe, na pale ukatokea ukumbi wetu wa zamani.

Ni kwa sababu mechi haikuijaza kanda. Niliposimamisha kurekodi miaka ile, deki iliacha kufuta papo hapo, na yote yaliyokuwa mbele yakabaki kama yalivyo. Dakika 38, mwanangu. Zilikuwa zimekaa nyuma ya mpira ule muda wote huu.

Hatua za kwanza hazimo, hizo nilizifuta kweli. Zilizomo ni za jioni ya siku hiyohiyo. Nimeacha dakika ya mwisho ya mechi mwanzoni mwa diski, ili uone ilivyokuwa. Baada ya chenga, kamera inaonekana imewekwa juu ya meza, imeinama kidogo, kwa hiyo utaona zaidi sakafu na miguu. Wewe unaingia kutoka upande wa kushoto ukishika kiti. Bibi yako haonekani, amekaa nyuma ya kamera. Anakuita, “Njoo mama, njoo, usiogope, bibi yupo.” Unakiachia kiti. Unatembea hatua sita hadi unatoka kwenye picha kumfuata, na unasikika ukicheka ulipofika kwake.

Sauti ni ya chini na ilikuwa inatoka upande mmoja tu. Nimeirudufu itoke pande zote mbili, ila sikuisafisha zaidi, kwa sababu kila nilipojaribu kuondoa ule mvumo wa kanda, sauti ya bibi yako nayo ilibadilika. Mvumo nimeuacha. Sikiliza kwa spika za masikioni, pawe kimya.

Ikifika dakika ya 14, bibi yako anamwita mama yako aje kuona. Anamwita kwa jina la utotoni, ambalo hakuna mtu mwingine aliyekuwa akilitumia, na ambalo tangu azikwe halijatamkwa humu ndani. Mama yako aliposikia alitoka nje. Akarudi, akaketi sakafuni karibu na spika, akaniomba nirudishe nyuma. Tumelirudia mara nyingi sana jioni ile.

Wewe hujawahi kulisikia jina hilo. Ukishalisikia, mpigie simu.

Wako akupendaye,
Baba