Pasipoti isibaki hotelini

Mwanangu,

Salamu zangu na za mama yako. Kuhusu tiketi na sweta tumeongea hadi tumechoka, ila kuna jambo moja nimekuwa nikilikwepa, maana najua ungecheka na kuniambia mambo ya siku hizi si ya zamani. Basi nimeliandika. Lisome ukiwa ndani ya ndege, huna pa kukimbilia.

Ukiwa Tokyo, pasipoti yako isibaki hotelini. Usiiweke kwenye kasha la chumbani, wala usimwachie dada wa mapokezi. Na picha yake iliyo kwenye simu si pasipoti.

Najua umezoea kusikia kinyume: mgeni aifungie ndani pasipoti, atembee na nakala, asije akaibiwa. Kwa Japani ushauri huo utakuponza. Sheria yao ya uhamiaji inamtaka mtalii wa miaka 16 na kuendelea awe nayo mwilini muda wote, na aionyeshe askari akiiomba. Ukikutwa huna, faini inaweza kufika yeni 100,000. Wageni wanaoishi kule wana kadi ya ukaazi, nao hawaiachi nyumbani. Faini yao inafika yeni 200,000. Siku ya kuingia hotelini wataiomba watoe nakala. Wape, ni takwa la sheria kwao. Hakikisha tu imerudi mkononi mwako kabla hujapanda lifti.

Mimi hili sikulisoma mahali. Nilipopelekwa kule kwa mafunzo ya wiki tatu, wewe ulikuwa hujaanza shule. Jumamosi moja jioni nikatoka na wenzangu wawili, pasipoti nimeifungia kabatini kama mtu mwenye busara. Tulikuwa kwenye stesheni moja kubwa, watu kama siafu. Nimeinua shingo nasoma ramani ya treni, rangi kibao zimepitana kama nyuzi kwenye droo ya fundi cherehani, mara wakaja askari wawili vijana. Wakainamisha vichwa kwa adabu, wakaomba pasipoti. Katika umati wote ule walitujia sisi watatu.

Mwenzangu mmoja alikuwa nayo, dakika mbili akawa huru. Wa pili vilevile. Mimi nikachomoa fotokopi iliyokunjwa mara nne. Askari akaitazama, akanitazama, akavuta hewa kwa meno. Nilikuwa nimeshakaa siku za kutosha kujua kwamba mlio ule maana yake ni hapana. Tukaenda kwenye kibanda chao cha polisi, wao wanakiita koban, vimejaa mijini, hasa karibu na stesheni. Wakapiga simu hotelini. Kisha tukatembea hadi hotelini, mimi katikati, askari kushoto na kulia, tukapita mbele ya wale wahudumu niliokuwa nawasalimia kila asubuhi. Nikafungua kabati, nikawapa, wakaandika namba, wakainama tena, wakaondoka. Hakuna aliyenipigia kelele, wala aliyedai chochote, na faini sikutozwa. Lakini ile safari ya kupita mapokezi naikumbuka hadi leo, na mama yako sikumsimulia mpaka ilipopita miaka.

Sasa jambo ambalo baba hapendi kumwambia mwanawe. Unaweza kusimamishwa kwa sababu ya sura yako. Si lazima iwe hivyo, lakini jiandae. Mwezi Desemba 2021 ubalozi wa Marekani mjini Tokyo uliwatahadharisha raia wake kwamba kuna taarifa za wageni kusimamishwa na kupekuliwa kwa sababu ya rangi au asili yao. Januari 2024 wakazi watatu wenye asili ya nje, mmoja wao akiwa na uraia wa Japani, walifungua kesi kulalamikia jambo hilohilo, wamechoka kusimamishwa njiani bila kosa. Hiyo ni vita yao wanaoishi kule, na nawaombea washinde. Wewe una siku kumi na nne tu, usizitumie kubishana kando ya barabara.

Ukisimamishwa, simama. Toa mikono mfukoni taratibu, ionekane. Salimia. Mpe pasipoti, na akiuliza unafanya nini, mwambie utalii, mtajie na jina la hoteli. Usianze kumrekodi na simu kabla hata hajafungua mdomo. Ila jua na mipaka. Kuonyesha pasipoti ni lazima. Kufunguliwa begi ni jambo jingine: bila hati ya upekuzi, wanakuomba ridhaa yako, ingawa namna wanavyoomba huwezi kuihisi kama ombi. Kuna watakaokushauri ukatae kwa ajili ya haki. Mimi nasema kama ndani kuna sweta na chaja, fungua, waone, wende zao.

Ndiyo maana begi lenyewe liwe safi. Kile kisu chako cha kukunja kiache nyumbani. Kule ukitembea na kisu chenye ubapa unaozidi sentimita 6 bila sababu ya maana ni kosa, na hata kifupi kinaweza kukutia matatani. Dawa zako za mafua mwonyeshe mfamasia kwanza, kwa kuwa zile zenye kiambato kiitwacho pseudoefedrini zaidi ya asilimia 10 haziruhusiwi kuingia nchini mwao. Bangi sina haja ya kukuuliza, lakini wapo rafiki zako. Tangu Desemba 2024 hata kuivuta tu ni jinai, si kukutwa nayo peke yake. Na mtu akikamatwa, polisi na mwendesha mashtaka wanaweza kumshikilia hadi siku 23 kabla hajafunguliwa mashtaka, akihojiwa bila wakili kukaa pembeni yake. Ikitokea, Mungu apishe mbali, sema maneno matatu: ubalozi, mkalimani, wakili. Usisaini karatasi usiyoweza kuisoma.

Usiku nao una mambo yake. Sikukatazi kutoka. Una miaka ishirini na miwili, na umri wa kunywa pombe kule ni 20, hata baada ya umri wa utu uzima kushushwa hadi 18 mwaka 2022. Klabu nyingi zitakuomba kitambulisho mlangoni, na hapo tena picha ya kwenye simu haitakusaidia. Ukicheza muziki hadi alfajiri kumbuka una bahati: mpaka mwaka 2016 sheria ya zamani ilikataza klabu kuchezesha watu dansi baada ya usiku wa manane, na polisi walikuwa wakizivamia kwa kosa hilo. Mimi sikucheza. (Mama yako anasoma hapa, na nasisitiza kwamba sikucheza.)

Unayepaswa kumwogopa usiku ule si askari. Unamkumbuka yule mwenzangu aliyemaliza na polisi kwa dakika mbili? Wiki iliyofuata alikwenda Kabukicho, eneo la starehe za usiku pale Tokyo. Mitaa ile ina wapiga debe kama stendi ya mabasi, ila wao hawajazi gari, wanajaza baa. Wengine watakuwa weusi kama wewe, watakuita ndugu, watakuuliza unatoka wapi kwa sauti iliyojaa mapenzi. Mwenzangu alifurahi kuitwa ndugu. Akapandishwa lifti hadi ghorofa ya nne, kwenye chumba kisicho na dirisha, akanywa bia mbili, na bili iliyoletwa ikamaliza posho yake yote ya mafunzo. Mlangoni walisimama watu wawili wasiocheka. Wiki ya tatu tulimlisha sisi.

Naye alipata nafuu, maana wapo wanaotiliwa dawa kwenye kinywaji, wakaja kuamka asubuhi kadi ya benki imeshatumika. Balozi zimekuwa zikionya juu ya hilo kwa miaka, zikitaja maeneo ya Tokyo kama Roppongi, Kabukicho, Shibuya na Ikebukuro. Kabukicho kwenyewe vipaza sauti vya mtaani vinatangaza usiwafuate wapiga debe, na bado watu wanawafuata, wakipita chini ya vipaza sauti hivyohivyo. Kwa hiyo usiingie baa uliyoitiwa. Ingia uliyoichagua mwenyewe, yenye bei ukutani, na glasi yako usiiache mezani ukaenda msalani. Kadi moja ibaki hotelini. Hiyo ndiyo ya kuachwa hotelini, si pasipoti.

Ukitaka mahali pazuri nenda Golden Gai, jirani tu na hapo, vichochoro vyenye baa zaidi ya 200, nyingine hazichukui watu kumi. Zinatoza pesa ya kiti na hutundika kiasi mlangoni; huo si wizi, ni utaratibu wao. Treni za mwisho zinaondoka karibu na saa sita usiku na za kwanza zinaanza kama saa kumi na moja alfajiri, na katikati hapo ni teksi, ambayo usiku hupandisha bei. Amua mapema uko upande gani wa saa sita. Wengi wanaoingia mikononi mwa wapiga debe ni wale walioachwa na treni.

Ukitapeliwa au ukiumizwa, ingia koban iliyo karibu au piga 110. Ndiyo, kwa askari walewale. Na kabla hujamaliza kueleza yaliyokusibu, watakuomba pasipoti.

Mama yako amekushonea kijifuko cha kitambaa chenye kamba, cha kuvaa shingoni ndani ya shati. Ni kibaya, tumekubaliana wote wawili kwamba ni kibaya. Kivae. Uwanja wa ndege watakubandikia stika ya ruhusa ya kuingia ndani ya pasipoti. Soma tarehe ya mwisho kabla hujaondoka dirishani, kisha unitumie picha yake. Mimi hiyo picha inanitosha. Wewe baki na pasipoti yenyewe.

Baba yako